Maumivu yanayochagua siku ya ugomvi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27 na nina selimundu tangu utotoni. Huu ni mwaka wa pili wa ndoa yangu, na tunaishi nyumba moja na wifi yangu hapa Mbagala. Nimegundua kwamba tukigombana tu, usiku wake au kesho yake miguu na mgongo vinanishika mpaka nalia. Wifi anasema ugonjwa wangu unajua kuchagua siku, basi najikaza kufua ndoo tatu za nguo nisionekane najifanya. Mume wangu haniiti mwongo, ila ananiambia niache kuwaza, kwa sababu najiletea mwenyewe. Nimeanza kuamini. Kweli najiumiza, Shangazi?*
*Nisiyeaminika, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Hapana, hujiletei. Nimelitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokuuma kuliko hata miguu. Lakini sitakudanganya kwamba wifi yako hajaona kitu. Ameona. Maumivu yako kweli yanaandamana na ugomvi. Alipokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa yanaandamana na ugomvi, basi unaigiza.

Mtu akigombana, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko. Moyo unakwenda mbio, vidole vinapoa, kwa sababu mishipa midogo ya damu inajibana. Kwa mwenye damu ya kawaida hali hiyo inapita. Kwako wewe, chembe nyekundu za damu zenye himoglobini S, ile protini ya kubeba oksijeni yenye kasoro ya kurithi, zikicheleweshwa kwenye mshipa uliobana, zinaishiwa oksijeni, zinakakamaa na kujipinda kama mundu, kisha zinaziba njia. Mfupa unaokosa damu ndio unaokuliza usiku. Baridi nayo hubana mishipa vivyo hivyo. Ungelowa mvua ya masika ukashikwa, nani angesema unajifanya? Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizi mwaka 1910, baada ya kuziona kwa hadubini kwenye damu ya mgonjwa wake. Kitu cha kuonekana kwa hadubini hakiigizwi.

Sasa nikuulize. Siku ya ugomvi wa mwisho ulikunywa maji kiasi gani? Ulikula usiku ule? Ulilala saa ngapi? Nakisia ulijifungia chumbani, hukugusa chakula, ukakesha unageuka huku na huku. Mawazo hayaji peke yake. Yanakunyima usingizi na yanakusahaulisha maji, na wewe mwili ukikauka chembe zako zinapinda upesi zaidi. Kwa hiyo weka chupa ya maji chumbani, iwe imejaa kila siku. Hata ukiingia unalia, kunywa kwanza. Jifunike miguu ipate joto, kisha vuta pumzi taratibu, na kuitoa uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mpaka moyo utulie. Ni mambo madogo na hayaponyi selimundu, lakini hayo yamo mikononi mwako.

Na usigeuke mpelelezi wa nafsi yako. Kuna siku utashikwa bila ugomvi, bila baridi, bila sababu yoyote unayoweza kuitaja. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo. Ukianza kutafuta kosa lako kila unapoumwa, hofu ya maumivu yajayo nayo inakuwa mzigo, na mwili hautofautishi hofu hiyo na ugomvi.

Mume wako naamini anakupenda, ila kumwambia mtu aache kuwaza ni kama kumwambia aache kutoka jasho. Mwambie akusindikize kliniki, asikie kwa masikio yake. Si lazima msigombane, ndoa gani haina ugomvi? Gombaneni mchana, mkiwa mmekula, na mmoja akisema tuliache mpaka kesho, liachwe. La wifi ni la mume wako kuzungumza na dada yake. Wewe usijithibitishe kwa kufua ndoo tatu huku mifupa inakuuma. Hapo kwa kweli nimekasirika kwa niaba yako.

Mkiwa kliniki, ulizeni kuhusu haidroksiyurea. Ni dawa inayopunguza mashambulizi haya kwa wagonjwa wengi, ila ukiwa unapanga ujauzito mwambie daktari kabla ya kuianza. Mume wako naye apimwe kama amebeba jeni ya selimundu. Kama hana, watoto wenu watairithi kwako tu bila kuugua. Kama anayo, kila ujauzito una nusu kwa nusu ya kupata mtoto mgonjwa, na hilo ni bora mlijue mapema. Mweleze daktari pia dawa za maumivu unazonunua duka la dawa, kwa sababu baadhi yake, kama diklofenaki, zinaweza kudhuru figo, na figo za mwenye selimundu ni za kulindwa.

Jambo moja nakuomba ulishike sana. Ukipata homa ya kufika nyuzi 38.5, au kifua kinakuuma na pumzi inakuwa fupi, au upande mmoja wa mwili umelegea, au kichwa kinauma kuliko ulivyozoea, hata kama jana yake mligombana, usiseme ni mawazo na usimruhusu mtu yeyote humo ndani aseme hivyo. Amsha mume wako, hata iwe saa nane usiku, mchukue bajaji mwende hospitali.