Maswali yenu ya streamplot: musifiche matundu ya karte

Wiki hii karibu maswali yote ni ya matplotlib (maktaba ya Python ya kuchora), kuchora mistari ya upepo na fonksio yake streamplot kisha kuficha fasi moja na maski (tablo ya True na False yenye inasema pointi gani zifichwe). Wale wenye waliandika tu "inanipatia erere, nifanye je" bila kode na bila ile mesaji yenyewe, niliwaacha, na wiki ijayo nitawaacha tena, juu hakuna mutu anaweza kujibu kitu hajaona.

Mistari inatembea kwenye inchi kavu na ziwa imebaki tupu, mimi nilitaka kinyume. – Himbi, Goma

Kwenye numpy, True ndani ya maski maana yake ficha. Weka ~ mbele ya maski yako, inageuza True kuwa False na False kuwa True. Hii tuliisha kuijibu mara mingi, musome ya nyuma kwanza.

Papa, niliweka sufuri kwenye u na v (upepo wa kwenda mashariki na wa kwenda kaskazini) fasi yote ya Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, lakini mistari inaingia kidogo ndani ya kisiwa. Kwa nini? – Kadutu, Bukavu

Juu sufuri ni namba, mdogo wangu. Ukiandika sufuri umesema hapa nilipima na upepo umetulia, na programu inakuamini, inachanganya ile sufuri na namba za jirani, mstari unapanda pwani mbele ya kusimama. Na ukichora vitesi kwa rangi, Idjwi itaonekana fasi ya upepo uliotulia, kitu hakuna mutu alipima. Tumia np.ma.masked_where ao weka np.nan (maana yake hakuna namba), streamplot inaelewa zote mbili, mstari ukifika pale unakatika.

Sasa nimeweka maski muzuri, lakini mistari inakatika mbele ya kufika pwani. – Bagira, Bukavu

Iko sawa hivyo. Kila hatua ya mstari inahesabiwa na kona nne za chumba (mraba kati ya pointi nne za data) yenye inapita, kona moja ikifichwa inatosha mstari usimame, basi tundu inakuwa pana kuliko maski yako karibu chumba kimoja. Kama vimistari vifupi vya kwenye fasi nyembamba vimepotea kabisa, shusha minlength (urefu mdogo kabisa wa mstari wenye streamplot inakubali), kwa kawaida iko 0.1. Kurudisha sufuri, hapana.

Mwalimu, na data za ERA5 (data za hali ya hewa za dunia nzima) nilipata karte karibu tupu kwenye ziwa Kivu, basi nikaongeza pointi mara kumi kwa interpolasio (kukisia namba za kati ya pointi) na sasa mistari inazunguka Idjwi muzuri sana. Naweza kuweka kwenye TFC, kazi yangu ya kumaliza masomo? – Katindo, Goma

Hapana, usiweke. Tuhesabu pamoja. ERA5 inatoa pointi moja kila nyuzi 0.25, huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilometa 28. Ziwa letu inaanza karibu nyuzi 1.6 kusini inafika 2.5, na upana wake fasi pana ni kama kilometa 50. Weka pointi zako juu ya karte uhesabu zenye zinaanguka ndani ya maji: hazifike kumi. Ukificha inchi kavu, karibu kila chumba inabaki na kona moja yenye imefichwa, njo maana ulipata karte tupu, na ile karte tupu ilikuwa inakuambia ukweli, kwamba hizi data haziwezi kuongea juu ya upepo wa kuzunguka Idjwi. Interpolasio haikuongeza kipimo ata kimoja. Ule mzunguko muzuri ni kode yako njo iliutunga, na kesho mutu atausoma kwenye TFC yako akiamini kuko upepo wa namna hiyo, wakati batu wanavuka pale na mitumbwi kila siku. Onyesha eneo kubwa, kutoka Kivu mpaka Tanganyika, pale ERA5 iko na kitu ya kusema, ao tafuta modeli ya hali ya hewa ya chumba kidogo kama WRF, na uandike chini ya karte ukubwa wa chumba.

Na density, ile namba ya streamplot ya wingi wa mistari, nayo ni vile vile. Kuipandisha haiongeze data, inaruhusu tu mistari mingi: density ya 1 inagawanya karte vyumba 30 kwa 30 (hivi si vile vyumba vya data) na kila chumba inapokea mstari mmoja tu. Kwa hiyo mistari kukaribiana haimaanishe upepo mukali. Vitesi ipeleke kwenye color, na tablo yenye shape moja na u.

Mama wa Ndosho anauliza kama anaweza kuamini karte ya mistari yenye inazunguka kwenye WhatsApp, ati njo moshi ya Nyiragongo itapitia.

Mama, angalia kwanza kama wameandika saa na urefu. Karte mingi za hivi zinachorwa na upepo wa meta 10 juu ya udongo, na mulima uko na meta 3,470. Moshi inatokea kule juu, unapaswa kuangalia upepo wa karibu 650 hPa (presio ya hewa ya kule juu), na ule upepo unaweza kwenda upande ingine kabisa na ule wa barabarani. Tena streamplot inaonyesha mwelekeo wa saa moja tu, haionyeshe moshi itakuwa wapi kesho. Goma iliisha kukimbia Nyiragongo 2002 na 2021, karte bila saa na bila urefu usiitume kwa mutu.

Erere inasema y lazima ipande. – Himbi tena

Latitudo za ERA5 zinatoka kaskazini kwenda kusini. Geuza y, na ugeuze u, v na maski pamoja nayo, ukisahau maski Idjwi itahama. Ukichora maski na imshow weka origin='lower'.

Namna ya kuondoa vishale kwenye mistari?

arrowstyle='-'.