Barua kwa mwanangu: kadi ya picha ije mwisho

Zawadi mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na ile orodha ya duka nimeipitia mstari kwa mstari. Umeniuliza: "Mama, nina milioni moja na nusu, nataka kuunda kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi kwa sababu laptopu imezidiwa. Kijana wa dukani anasema nianze na kadi ya picha nzuri, vingine vitafuata. Ni kweli?"

Si kweli. Kwa kazi yako na kwa fedha hiyo, kadi ya picha, yaani kifaa kinachochora kinachoonekana kwenye skrini, ndiyo ya mwisho kununuliwa, na huenda mwaka huu usiinunue kabisa. Simwiti kijana wa watu mwongo. Wateja wake wengi ni wacheza gemu, na kwenye gemu ushauri wake una mashiko. Wewe kazi yako ni kukata na kuunga saa nne za sherehe, uongeze muziki, usawazishe rangi, kisha utoe faili bibi harusi apelekewe. Hiyo ni kazi nyingine, na mzigo wake unabebwa na vifaa vingine.

Orodha aliyokupa ni hii: Core i7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski ngumu (hard disk) ya TB 1, kadi ya picha ya GTX 1650, pawa saplai (kigawa umeme) ya wati 700 na kasha la kioo lenye feni za taa. Nianze na hiyo Core i7, ambayo ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, maana hapo ndipo wengi wanapolizwa.

Kwenye picha uliyonitumia inasomeka i7-4770. Tarakimu zinazofuata kile kistari ndizo zinazokuambia kizazi cha prosesa: 4770 ni kizazi cha nne, 8500 ni cha nane, 12400 ni cha kumi na mbili. Hiyo 4770 ilitoka mwaka 2013. Ina viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa pamoja), na RAM yake ni DDR3, aina ya zamani. Sasa chukua i3-12100 ya mwaka 2022: nayo ina viini vinne na nyuzi nane, lakini inaiacha mbali ile ya 2013, kwa sababu kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa muda uleule. Muuzaji anatamka "Core i7" kwa kishindo, kizazi hakitaji. Mtu akikutajia prosesa bila namba kamili, mwombe namba kabla ya kuuliza bei.

Kuna jambo jingine linaloiondoa kabisa hiyo i7. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 upande wa Intel, watengenezaji wa hizi Core, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Zipo njia za mkato za kuilazimisha, najua utaniambia. Lakini mashine inayokuingizia kipato na kubeba kazi za wateja isiendeshwe kwa njia za mkato.

Ninachokushauri ni i5-12400, na iwe ile isiyo na herufi F mwishoni. Ina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Herufi F maana yake sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa imezimwa, na wewe unaihitaji kuliko mcheza gemu yeyote. Nikueleze kwa nini. Kamera huibana video kwa mifumo iitwayo H.264 au H.265 ili ienee kwenye kadi ya kumbukumbu, na kila unaposogeza mshale kwenye mstari wa muda, kompyuta inalazimika kuibanua papo hapo. Hapo ndipo laptopu yako inapogandaganda. Ndani ya hizi prosesa za Intel mna kipande kinachoitwa Quick Sync, kazi yake ni hiyo ya kubana na kubanua, na Premiere Pro, programu ya kuhariri unayotumia, inakitambua. Tena kuanzia kizazi cha kumi na moja kinaweza hata ile H.265 ya 4:2:2 yenye biti 10, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, ambayo kamera nyingi mpya hurekodi. GTX 1650 haiiwezi hiyo. Kadi za NVIDIA, watengenezaji wa hizo GTX, zimeanza kuimudu kwenye toleo la RTX 50, mwaka 2025, na bei zake tusizizungumze hapa. Kwa hiyo ile kadi uliyoambiwa uanze nayo ingekula theluthi ya bajeti, na kwenye jambo linalokukera hasa ingezidiwa na kipande cha bure kilichomo ndani ya prosesa.

Fedha ikibana, shuka hadi i3-12100. Sehemu yake ya picha ni UHD 730, sawa na ya 12400. Utasubiri zaidi wakati wa kutoa faili la mwisho, basi.

Sasa ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote. Kanuni ninayoifuata ni moja: fedha iende kwanza kwenye kile ambacho ukitaka kukibadilisha lazima ubomoe kila kitu. RAM unaongeza kwa dakika tano, diski vivyo hivyo, kadi ya picha unaichomeka siku ukiwa nayo. Ubao ndio unaoamua ni prosesa gani itakaa, ni RAM ya aina gani na ngapi. Soketi ya hizi prosesa inaitwa LGA1700, na inapokea kizazi cha 12, cha 13 na cha 14. Ukianza na i3 leo, baadaye unaweza kuweka kubwa zaidi juu ya ubao uleule, ukishasasisha BIOS yake, programu ndogo inayouamsha.

Chukua ubao wa aina ya B660 au B760, na uhesabu matundu ya RAM kwa macho yako: yawe manne. Za H610 ni rahisi lakini zina mawili tu, na hata baadhi ya B660 za bei ya chini zina mawili. Kingine, soma kama ni wa RAM ya DDR4 au ya DDR5. Prosesa inakubali zote mbili, ubao unakubali aina moja, na kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye tundu la DDR5 hata ukitumia nguvu. Wewe chukua wa DDR4. Bei za RAM zimepaa tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vimegeukia kumbukumbu za mitambo ya akili mnemba, na DDR4 angalau unaweza kuipata ya mtumba iliyotolewa kwenye kompyuta za ofisini.

GB 8 hazitoshi. Premiere ikifunguka pamoja na kivinjari, zimekwisha. Chukua GB 16, vijiti viwili vya nane nane, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Ile sehemu ya picha ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima ya RAM, kwa hiyo kijiti kimoja kinaipunguzia kasi. Matundu mawili yatabaki wazi kwa siku za neema.

Nije kwenye pawa saplai, na hapa naomba usinibishie.

Hiyo ya "wati 700" kwenye orodha ina bei ya chakula cha watu wawili. Wati 700 zimeandikwa kwenye stika, hazimo ndani. Ukifika dukani igeuze usome jedwali lililobandikwa ubavuni. Tafuta safu ya +12V, uone ina ampea ngapi, kisha zidisha kwa 12. Prosesa na kadi ya picha zote zinakula kwenye hiyo 12V, kwa hiyo jibu lako ndilo nguvu halisi. Yenye ampea 37 inakupa wati 444, hiyo ni pawa saplai ya kweli ya wati 450. Ukikuta imeandikwa 700 juu halafu 12V ni ampea 16, umepata wati 192, irudishe kwenye rafu. Ipime na uzito mkononi pia. Zile za hovyo ni nyepesi kama kopo tupu, kwa kuwa koili na vyuma vya kupooza vimepunguzwa, na pamoja navyo mara nyingi ule ulinzi wa kukata umeme mambo yakiharibika. Alama ya 80 Plus isikudanganye: inapima umeme unaopotea kama joto, haisemi lolote kuhusu usalama wa kifaa. Wewe unatosheka na wati 500 za kampuni inayojulikana, yenye garantii iliyoandikwa. Hutafika huko; i5 bila kadi ya picha ikifanya kazi kwa nguvu zote, mashine nzima haivuki wati 150. Lakini siku ukiongeza kadi, nafasi ipo.

Na umeme wetu unaujua. Unakatika, unarudi kwa kishindo, taa zinafifia saa za jioni. Tenga fedha ya UPS, ile betri ya akiba, ndani ya hiyo milioni na nusu, si nje yake. Namba iliyo kwenye UPS ni VA, si wati. Ya 650VA inatoa kama wati 360 hivi. Inakutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si kuendelea kuhariri gizani. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Diski: weka NVMe, ile diski ya kasi inayochomekwa kwenye ubao, ya GB 500 kwa ajili ya mfumo na kazi iliyo mezani, na diski ngumu kubwa kwa kazi zilizokwisha. Piga hesabu mwenyewe. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa nne, ni GB 360 za harusi moja. Kwa hiyo GB 500 ni meza ya kazi tu. Ukimaliza harusi unaihamisha, tena sehemu mbili, kwa sababu hakuna bibi harusi atakayefunga ndoa upya kwa vile diski yako imekufa.

Kasha: lenye wavu mbele, si kioo. Vumbi la Dodoma unalifahamu. Taa za feni hazihariri video.

Labda utauliza habari za mtumba, yale makasha ya ofisini kama HP EliteDesk 800 G4 au Dell OptiPlex 7060 yenye i5-8500. Ni mashine nzuri, zinapokea Windows 11, na kama ungekuwa na laki saba ningekuambia chukua leo na ufanye kazi. Ila pawa saplai na ubao wake ni wa umbo lake lenyewe, havitoki humo kwenda kwenye kasha jingine, na yale makasha membamba yanapokea kadi fupi za picha tu. Na hiyo prosesa haibanui 4:2:2 ya biti 10. Kwa milioni na nusu, unda yako.

Kuhusu hilo la 4:2:2, sijui kamera yako umeiweka kwenye mpangilio gani, na jibu linaweza kukuokolea fedha. Fungua klipu moja ya harusi iliyopita kwa programu ya MediaInfo, piga picha ya skrini unitumie. Ikisema 4:2:0 biti 8, hata i3 itakubeba vizuri, na tofauti ya bei tuipeleke kwenye NVMe ya TB 1. Ikisema 4:2:2, ambayo ni mzigo mzito zaidi ingawa i3 nayo inaibanua, tunabaki na 12400. Mpaka hapo usimtumie yule kijana hata shilingi ya kushikia mzigo. Jumamosi nitapita Kariakoo niulizie bei za ubao na RAM, pawa saplai nitaibeba mwenyewe nikaipime mkononi, halafu vyote nikupakilie kwenye basi, diski ngumu nikiifungia ndani ya nguo zako ulizoziacha hapa.

Mama yako