Kupe wa Karura na homa ya mtoto

SWALI: Daktari, mimi hutembea msitu wa Karura, hapa Nairobi, na binti yangu wa miaka 6 na mbwa wetu. Jumapili nilimtoa binti kupe nyuma ya goti. Nimesoma kwamba kulungu wa Marekani huwaletea watu ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Je, swala wa Karura, kama pongo na funo, nao ni hatari?

JIBU: Mama, hofu ya Lyme iweke kando. Hata huko Marekani, kulungu si chanzo cha bakteria wa ugonjwa huo. Yeye huwalisha kupe wakubwa, nao wakashiba na kuzaana. Bakteria kupe huwapata wakiwa wachanga, wanapofyonza damu ya panya. Na kupe hao si hawa wetu.

Sisi tunasumbuliwa na homa ya kupe, inayoletwa na bakteria waitwao riketsia. Wanyama wa msituni huwalisha kupe, ila anayewafikisha sebuleni mara nyingi ni mbwa. Kupe wa mbwa hujificha hata kwenye nyufa za kibanda chake, kwa hiyo mtu huweza kuumwa bila kukanyaga msitu.

Mwangalie binti kwa wiki mbili. Akipata homa, maumivu ya kichwa, mitoki kinenani, au kidonda chenye gaga jeusi pale alipoumwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kinachoniuma ni kwamba homa ikianza tunapima malaria, kisha taifodi, na kupe hatajwi kabisa. Kwa mtoto ambaye hajatoka Nairobi, malaria ni nadra. Kabla hajatolewa damu, mwambie daktari: huyu aliumwa na kupe. Dawa ya doksisaiklini huitibu vizuri homa ya kupe. Wazazi wengi huiogopa wakidhani itaharibu rangi ya meno ya mtoto, lakini dozi ya siku chache iliyoandikwa na daktari hupewa hata watoto.

Ukimkuta kupe mwingine, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja, taratibu, kisha usafishe kwa spiriti. Usimmwagie mafuta ya taa, usimchome, usimpasue kwa kucha.

Mbwa naye mkague masikioni na katikati ya vidole kila mtokapo msituni, na umpatie dawa ya kupe ya mbwa. Tafadhali, si ile ya kuogeshea ng'ombe: ikichanganywa kwa kukisia humdhuru mbwa, na pia mtoto anayemkumbatia.