Askari 600, Watu 8,000: Barua kwa Mwanangu

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Karatasi ya ukoo uliyonitumia kwenye simu nimeipata. Kaka yako aliipeleka dukani ikachapishwa kwa ukubwa, na sasa imetandazwa juu ya meza ya chakula, pembe zake zimebanwa kwa vikombe, na mama yako anauliza kila jioni ni lini tutarudi kula mezani kama watu.

Umeniuliza jambo moja: babu yetu wa kwanza kufika Uganda, yule ambaye nyumba nzima humwita Ombashi kwa cheo chake cha jeshini, alikuwa upande gani mwaka 1897? Alikuwa miongoni mwa askari walioasi na kujifungia katika ngome ya Luba kule Busoga, au miongoni mwa wale waliobaki na serikali na kuwazingira wenzao? Unasema unataka kuandika mstari mmoja tu chini ya jina lake, na kwamba huko London una nafasi ya kwenda Kew kupekua makaratasi ya serikali ya Uingereza. Swali ni zuri, nami nitalifikia. Lakini juu ya Ombashi umechora kisanduku kingine na ndani yake umeandika Abdallah, na macho yangu yamekwama hapo kwa siku nne.

Ni kweli kwamba wazee walipotaja nasaba yetu walimalizia kwa Abdallah, na mimi mwenyewe nilikufundisha hivyo ulipokuwa huna meno ya mbele. Sikukudanganya, ila sikukueleza yote. Mtu aliyesilimu ukubwani, au aliyechukuliwa mtoto na kuingizwa jeshini bila baba wa kumtaja, alipewa baba kwa heshima, akaitwa bin Abdallah, maana sote ni waja wa Mungu. Kwa hiyo huenda kisanduku chako cha juu hakina mtu ndani yake. Jeshi la Misri kule Equatoria, jimbo lake la kusini mwa Sudan, liliokota vijana wa Kibari, Kimakaraka, Kimoru, Kikakwa na wengineo, likawapa majina mapya, Kiarabu cha kambini na bunduki, na Kiarabu hicho ndicho kilichozaa Kinubi, lugha yetu sisi Wanubi. Ukienda Kew ukitafuta Abdallah wetu utawapata Abdallah wengi, na hakuna hata mmoja atakayekuwa yeye.

Habari za Emin Pasha, gavana wa Equatoria, unazijua: Mahdi wa Sudan alimkatia njia ya kaskazini, na msafiri Stanley akamwondoa mwaka 1889. Wengi wa askari wake hawakuondoka naye. Baadhi yao walibaki na ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, upande ambao leo ni Kongo, na hapo ndipo Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alipowakuta mwaka 1891. Sasa shika hesabu hii, ambayo umenisikia nikiirudia hata kwenye arusi yako. Lugard aliondoka Kavalli na askari wapatao 600, lakini jumla ya watu waliomfuata ilikuwa kama 8,000. Hao wengine wote walikuwa wanawake, watoto, watumwa na watumishi, wakitembea na vyungu, mikeka, mbuzi na wagonjwa wao. Wengi wao waliachwa katika ngome za Toro na mpaka wa Bunyoro. Askari 600 ndio wenye cheo na mshahara, na mwenye mshahara ndiye anayeandikwa jina. Waliobaki, ambao ni zaidi ya elfu saba, ndio hasa ukoo wetu, na karatasi yako haina hata mmoja wao.

Usiudhike. Nami nilifanya hivyo hivyo, tena vibaya zaidi.

Ilikuwa mwaka 1974. Nilikuwa na miaka 24, mwanafunzi wa ualimu, na nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya historia ya Uganda, jambo lililonifanya nijione mtaalamu. Wakati ule, chini ya Idi Amin, kuitwa Mnubi kulikuwa na faida, na watu ambao hawakuwahi kuwa Wanubi walikuwa wakijipa majina yetu. Miaka mitano baadaye wengi wao walisahau, na hata baadhi yetu tulijifunza kunyamaza, lakini hiyo ni barua nyingine. Nikaona ni wajibu wangu kuandika nasaba ya kweli kabla haijachanganywa. Nikanunua daftari la kurasa 96 na kwenda kwa Shangazi, dada mkubwa wa babu yako.

Alikuwa barazani akisuka tabaga. Unayo moja ya kwake, ile kawa ya zambarau na kijani ambayo mama yako alikufungia ulipoondoka. Alikuwa ameloweka ukindu uliotiwa rangi katika karai, vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka fundo la pili, na alizungumza bila kuinua macho. Shangazi alilelewa na bibi yake, mke wa Ombashi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa hai ambaye alikuwa amekaa na yule mama na kumsikiliza.

Akaanza: "Sisi tumetoka Kavalli."

Nikasema, "Hapana, Shangazi. Kavalli ilikuwa njiani tu. Sisi tumetoka Sudan."

Hakunijibu. Alichukua uzi mwingine wa ukindu, akaulamba ncha, akaupitisha. Kisha akasema kwamba bibi yake hakuwa na habari za Sudan, kwani hakuwahi kuiona. Alimkuta Ombashi njiani, au Ombashi ndiye aliyemkuta, akatembea na msafara ule akiwa na chungu kichwani na mtoto mgongoni, na mtoto huyo hakuwa wa Ombashi. Jina lake la kwao, kabla hajapewa jina la Kiislamu, lilikuwa Nya...

Hapo nilimkatiza. Nilikuwa na orodha ya maswali na swali la tatu lilikuwa la maana zaidi kwangu. Nikamuuliza: "Na mwaka 1897 Ombashi alikuwa Luba?"

Shangazi aliweka tabaga mapajani na kunitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mimi nakupa habari za watu," akasema, "wewe unaniuliza habari za bunduki. Basi andika unavyojua wewe, mwalimu."

Neno hilo la mwalimu alilitamka taratibu. Nikacheka, nikadhani ni utani, nikanywa chai yangu na kuondoka. Nilirudi mara tatu au nne, na kila mara alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za chuo, na kila nilipotoa daftari alisema amesahau. Hakuwa amesahau. Mwaka 1979 vita vilipofika, Bombo ikamwagika barabarani kuelekea kaskazini, na yeye akafia katika kambi ya wakimbizi karibu na Yei mwaka uliofuata. Nyumba yetu iliporwa mpaka milango. Daftari lilipona kwa sababu nilikuwa nimelisahau katika kabati la shule, na ukurasa wake wa kwanza una maneno matatu: Kavalli, ambalo nimelikata kwa mstari, 1897, lenye alama ya kuuliza, na Nya, ambalo halikuendelea.

Nimeishi na silabi hiyo kwa nusu karne. Kwa Wanyoro na Watoro iko mwanzoni mwa majina mengi ya wanawake. Ng'ambo ya ziwa, kwa Waaluri, nya ni binti, binti wa fulani au wa mahali fulani. Maana yake ni kwamba hata upande gani wa Ziwa Albert alikotoka sijui, na nusu dakika ya subira ingetosha kunijulisha.

Wakati mwingine najitetea. Najiambia kwamba Shangazi naye alikuwa na chumvi yake: ndiye aliyesema Ombashi alimbeba punda aliyevunjika mguu kutoka Toro hadi Kampala. Najiambia pia kwamba kitabu hakikukosea, kwani jeshi lile kweli lilitoka Sudan. Lakini sikuwa nimeuliza habari za jeshi. Nilikuwa nimeuliza habari za ukoo, na ukoo, mwanangu, haukuja na wale 600, ulikuja na wale 8,000.

Haya, 1897. Sababu za maasi hazina siri. Askari walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, toka vita hivi hadi vita vile, kwa mshahara mdogo uliochelewa na ambao mara nyingi ulilipwa kwa nguo, kisha wakaamriwa kufuata msafara wa Macdonald, ofisa wa Kiingereza, kwenda kaskazini wakiwaacha wake na watoto wao. Unaona? Hata hapo jambo lilikuwa la wale 8,000. Walikataa huko Eldama Ravine, ambako leo ni Kenya, mwezi wa Septemba, wakarudi hadi Busoga na kuishika ngome ya Luba, na Meja Thruston, ambaye alikuwa kamanda wao na aliyekijua Kiarabu chao, aliingia ngomeni akiamini watamsikiliza, wakamuua pamoja na Wazungu wawili. Walitarajia Waislamu wa Buganda wataungana nao, lakini kiongozi wao Nuhu Mbogo alikataa. Mwezi wa Januari 1898 walitoroka ngomeni kuelekea upande wa Ziwa Kyoga.

Nyumbani kwetu ilisemwa daima kwamba Ombashi alikuwa mwaminifu kwa serikali. Ilisemwa hasa mbele ya wageni. Ushahidi wake ni kwamba alibaki jeshini, akaingia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, ilipoundwa mwaka 1902, na akazeekea hapa Bombo kwenye kiwanja kile kile ambacho ndugu zako hawaachi kukigombania. Mwasi asingepata hayo, ndivyo babu yako alivyosema, nami nilikubali kwa muda mrefu. Lakini kuna jambo jingine, na hili nililisikia kwa babu yako huyo huyo, siku moja alipokuwa na homa. Ombashi hakuwahi kukanyaga Busoga tena. Hata binti yake alipoolewa Jinja, alitoa mahari, akatoa mbuzi, akaandaa kila kitu, na siku ya safari akasema mguu unamuuma, akabaki. Vilevile alikuwa na mdogo wake ambaye jina lake halikutajwa katika dua yoyote ya nyumbani. Mtu aliyekuwa ndani ya ngome ile angeweza kuikimbia nchi hiyo maisha yake yote. Mtu aliyekuwa nje yake, akiwalenga shabaha watu aliotembea nao tangu Kavalli, naye angeweza.

Ukinibana sana, nina ninachokiamini, na nimekiandika hapa mara mbili na kukifuta mara mbili. Sitakupa, kwa sababu ukikipata kutoka kwangu utakiandika chini ya jina lake kwa wino, na wajukuu zako watakisoma kama jambo lililothibitishwa. Nenda Kew kwanza. Ukirudi mikono mitupu, niulize tena tukiwa tumekaa, si kwa simu.

Kuhusu vitambulisho, mwambie mumeo asihangaike: Wanubi wametajwa katika katiba ya 1995 miongoni mwa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na sisi tulikuwa na miaka 35 hapa wakati huo. Ofisini hawahitaji Abdallah wala Ombashi.

Kwenye karatasi naomba marekebisho mawili. Kisanduku cha Abdallah kiache, ila usikizungushie mstari mzito kama vingine. Kisha kando ya Ombashi, si chini yake, chora kisanduku cha mkewe na uandike Nya, kama nilivyoandika mimi.

Binti wa mwisho wa Shangazi yuko Arua. Wewe humwita shangazi pia, ingawa mmeonana mara moja tu, kwenye msiba wa babu yako. Amepita miaka themanini, bado anasuka, na alilala chumba kimoja na mama yake mpaka alipoolewa. Mimi hatanipa kitu, kisa cha daftari anakijua. Utakapokuja mwezi wa Desemba, panda basi uende kwake, upeleke sukari na ukindu uliokwisha tiwa rangi, kwa sababu macho hayamruhusu tena kuchanganya rangi mwenyewe. Usitoe kalamu siku ya kwanza. Atakuambia kwamba mmetoka Kavalli.

Andika Kavalli.

Baba yako