Hesabuni usiku, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mwenzio. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Umeuliza jambo moja tu: mna siku nane za safari yenu ya kwanza Ulaya, mmeandika London, Paris, Amsterdam na Roma, mnaona miji imezidi, sasa mfute upi? Kabla sijaikunja barua mama yako akasema, "Usimchagulie. Safari ni yao." Nimemwahidi. Ahadi yenyewe imeanza kuniwasha tangu mstari huu.

Basi na mimi nikuulize: katika hizo siku nane, mtalala kitandani mara ngapi? Unajua nitakalosema, umelisikia tangu ukiwa mdogo. Safari huhesabiwa kwa usiku, haihesabiwi kwa siku. Umesema mnaruka Jumamosi usiku na kurudi Jumamosi inayofuata. Usiku wa kwanza mtaumalizia kwenye kiti cha ndege. Unabaki usiku sita wa kitandani. Jumapili mtatua na macho mekundu, mkitafuta hoteli na mahali pa kuweka mabegi. Jumamosi ya mwisho ni ya kiwanja cha ndege. Siku nzima nzima ni tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa toa kuhama. Miji minne ni kuhama mara tatu, na kila kuhama kunakula nusu siku hata kama treni ni ya mwendo kasi, kwa sababu chumba unatakiwa kukiachia kabla ya adhuhuri na kule uendako hukipati mpaka alasiri. Zinabaki siku tatu na nusu kwa miji minne. Jumlisha mwenyewe, usinisadiki mimi.

Na hizo siku tatu na nusu nazo zina milango yake. Makumbusho ya Louvre kule Paris hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, yule binti Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita, haiuzi tiketi mlangoni kabisa; huuzwa mtandaoni tu, kila Jumanne wanafungua za wiki sita mbele, na zinakwisha upesi. Mtu mwenye siku nne Paris akikuta Louvre imefungwa atarudi kesho. Mwenye Jumanne moja tu ndiyo basi tena.

London naona imejifuta yenyewe, na hapo sijavunja ahadi. Uingereza haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mtaomba viza mbili na kulipa mara mbili, kwa ajili ya mji ambao mngelala mara moja. Hizo nchi nyingine tatu mnazipita kwa viza moja. Ombi mnalipeleka ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ya nchi mtakayoingilia kwanza. Unaona? Hata ubalozi unahesabu. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na msisubiri zibaki siku 15, huo ndio mwisho wao. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Haya mama yako ameniruhusu kuyaandika.

Sasa nikuambie la Roma. Kisa chenyewe hukijui, ingawa picha yake unaijua. Ipo kwenye albamu ya kijani: mama yako amekaa juu ya begi stesheni, koti limelowa mabegani, hatazami kamera. Ninyi watoto mlikuwa mnauliza alikuwa anaumwa nini. Nikawa najibu kwamba alichoka.

Tulikuwa na siku nane, kama ninyi. Mliachwa kwa shangazi yenu. Niliipanga ratiba mimi, kwenye daftari, kwa kalamu ya rangi mbili, na niliipenda ile ratiba. Paris tulale mara mbili, Roma mara mbili, Florence mara moja, Venice mara mbili. Kutoka Paris kwenda Roma nilikata ndege ya bei ndogo, nikafurahia bei bila kuangalia inarukia wapi. Kiwanja kiko Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris. Siku ile yote tuliimaliza kwenye mabasi na foleni, tukaingia Roma usiku. Kwa hiyo Roma nzima tukaipa siku moja, Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, asubuhi na Vatikani mchana. Mama yako alitembea mpaka kisigino kikachubuka, na hakusema.

Asubuhi ya kuondoka akaomba kitu kimoja. Pantheon. Treni yetu ya Florence ilikuwa ya saa tano. Tukafika pale saa tatu na nusu, mawingu yametanda.

Lazima nikueleze jengo lenyewe. Ni hekalu la Warumi, lilimalizwa zama za Kaisari Hadrian, mnamo mwaka 126, na baadaye likawa kanisa. Juu lina kuba la zege lisilo na chuma ndani, upana wake mita 43, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita 43 vilevile. Katikati ya kuba pameachwa tundu la duara, upana wake kama mita tisa, wazi kabisa, halina kioo. Mwanga wote wa mle unaingia kwa tundu hilo na kwa mlango.

Tulikuwa tumesimama katikati mvua ilipoanza. Haikusikika kwanza. Niliona doa moja jeusi kwenye marumaru, karibu na kiatu cha mama yako, kisha la pili, kisha mlinzi akaja na kamba kutuondoa katikati. Ukitazama juu, mvua ilikuwa inashuka kama nguzo ya mwanga, matone yanaonekana moja moja, yanachukua muda wake kufika chini. Sakafu ina mwinuko mdogo usioweza kuutambua kwa macho, na ina vitundu, maji yakawa yanavitafuta. Watu walinyamaza, na walikuwa wengi. Mama yako akanyoosha mkono juu ya kamba, kiganja wazi, akangoja tone.

Nikatazama saa. Nikamwambia, "Twende, tutachelewa."

Hakubisha. Angebisha pengine ningekaa. Alikunja kiganja, akanifuata, tukakimbia kwenye mvua hadi kuchukua mabegi, hadi stesheni. Na treni ikachelewa dakika 50. Hapo ndipo nilipompiga ile picha, nikidhani namchangamsha. Akaniambia neno moja tu: "Ningeiona ikikatika." Alikuwa na maana ya mvua.

Miaka yote hii hajalirudia. Mimi ndiye ninayelirudia. Nikiona kuba lolote, hata kwenye kalenda, naona kile kiganja.

Kwa hiyo nikisema hesabuni usiku, siyo maneno ya mzee anayeogopa kuchoka. Usiku wa pili katika mji ndio unaokupa asubuhi isiyo na kazi, na usiku wa tatu unakuruhusu kurudi mahali ulipopapenda jana. Sisi Roma hatukuwa na wa tatu.

Lakini ngoja. Nisijidanganye nami nikakudanganya wewe. Hatujarudi Ulaya tena mpaka leo. Kama ningeisikiliza hekima hii wakati ule, ningeifuta Paris, na mama yako mpaka leo anausimulia mnara wa Eiffel ulivyoanza kumetameta saa ilipogonga, tukiwa darajani, dakika tano nzima, kisha ukatulia kama si wenyewe. Nani angemlipa hizo dakika tano? Ninyi mna nguvu, miguu yenu haijaanza kuwadai. Na safari ya kwanza inaweza kuwa ya mwisho. Maisha hayaweki ahadi. Mtu anayetaka kuona mingi namwelewa. Nilikuwa yeye.

Halafu naikumbuka Venice, nabadili mawazo tena. Tulikuwa tumelala usiku wa kwanza, na ratiba inasema kesho alfajiri treni ya Verona, twende na kurudi. Alfajiri tukaamshwa na king'ora. Ni maji ya bahari, hupanda sana majira ya vuli na baridi, na uwanja wa San Marco ndio wa kwanza kulowa maana uko chini kuliko sehemu nyingine. Siku hizi wana mageti makubwa ya chuma mlangoni mwa bahari, waliyainua mara ya kwanza Oktoba 2020 kuyazuia maji yale, lakini wakati wetu hayakuwepo. Tulipotoka maji yalikuwa kwenye vifundo, watu wanapita juu ya vichanja vya mbao kwa mstari mmoja. Verona ikafa. Nilikasirika kwa muda wa chai moja.

Tukakaa dirishani, ghorofa ya kwanza. Ng'ambo yetu palikuwa na duka la karatasi na kalamu. Mwenyewe alikuja na buti za mpira mpaka magotini, akachomeka ubao wa chuma kwenye mifereji ya kizingiti chake, kama mtu anayefunga kabati, akaanza kuyachota yaliyokwisha kuingia. Polepole, ndoo kwa ndoo. Bahari ilipopwa yale ya nje yakashuka kwenye ukuta, yakaacha mstari wa unyevu, tukayaona mawe ya njia yakitokea moja baada ya jingine. Akautoa ubao, akafagia kizingiti, akatoa kiti, akakaa. Mama yako alitazama yote, tangu mwanzo hadi kiti. Akasema, "Haya sasa." Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za safari ile, na kwenye daftari langu hakuna chochote kilichoandikwa siku hiyo.

Sasa mji upi mfute. Mama yako amepita nyuma yangu, ameona nimeandika Roma mara nyingi, amegusa bega langu kwa kidole. Basi sitasema. Nitakachosema ni hiki: Paris na Amsterdam zimeunganishwa na treni ya masaa matatu na dakika chache, hiyo ni jozi. Roma na Florence, ingawa hiyo hamkuiandika, ni saa moja na nusu, hiyo nayo ni jozi. Kutoka jozi moja kwenda nyingine ni ndege, na mambo ya Beauvais umeyasikia. Mkishachagua, tafuteni tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, msirudi nyuma kwa ajili ya ndege. Lalani mara tatu na mara tatu, au nne na mbili. Ukinibana sana ningesema, lakini usinibane leo, yuko hapa chumbani.

Muulize na mwenzio yeye angependa kuona nini kikimalizika. Usimuulize angependa kuona nini. Kwa hilo atakutajia miji kumi. Mimi swali hilo sikumuuliza mama yako, na daftari lilikuwa mkononi mwangu safari nzima.

Niletee ratiba mpya, na pembeni ya kila mji uandike usiku wake kwa tarakimu. Nikiona mji wenye moja, nitapiga simu.

Nimemsomea mama yako barua yote kabla ya kuifunga. Kwenye kipande cha stesheni alicheka kidogo, akasema koti lile lilikuwa zito mpaka Florence. Kisha akauliza kama Pantheon bado unaingia bure. Nikamwambia hapana, tangu Julai 2023 watalii wanalipa, walianza na euro tano. Akanyamaza, akauliza tena, "Na tundu? Hawajaliziba?" Nikamwambia hawajaliziba.

Akupendaye,
Baba yako