Funguo tatu kwenye kamba moja

Sanduku la kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, na lina kufuli tatu. Kila kufuli na mtu wake. Mwalimu aliyetufundisha alisema mtindo huu ulianzia Maradi, kule Niger, mwaka 1991, kwenye vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika hadi ukatufikia sisi wa Mbagala. Maana yake haihitaji darasa: ukitaka kuiba, itabidi kwanza upate wezi wenzako wawili.

Sasa niwasimulie ilivyotushinda. Mwaka ule mimi ndiye mweka hazina na sanduku lilikuwa linalala kwangu. Hapo tayari tulishakosea, maana ufunguo mmoja nilikuwa nao mimi. Mwenzangu wa pili akapata msiba Tanga, akaniachia wake ili kikao kisikwame. Wa tatu anakaanga chipsi, na Jumamosi saa kumi ndiyo wateja wanaanza kujaa. Naye akaleta. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Funguo zote tatu zikaning'inia kwenye kamba moja, msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni.

Usiku wa Jumanne mwanangu akashikwa na homa kali. Baba yake yuko safarini, ndani hakuna hata elfu kumi. Saa saba usiku nikafungua sanduku, nikatoa 180,000. Nilijiambia nakopa tu, Ijumaa narudisha. Ijumaa ikaja, ikapita.

Kilichoninasa si kufuli. Kila tukimaliza kikao, mwenyekiti hutangaza salio na sote tunalikariri. Kikao kinachofuata tunaulizwa kabla ya kuhesabu. Watu 22 wakaitikia kwa pamoja: "Milioni moja, mia nne sitini na mbili elfu, mia tano!" Wahesabuji wakahesabu, wakarudia. Bibi mmoja akaguna, "Kikulacho..." akaishia hapo. Nikanyoosha mkono kabla watu hawajaanza kutazamana. (Nililipa pamoja na faini, na uhazina nikauachia. Wapo wawili ambao hadi leo salamu zao ni za nusu mdomo.)

Kwa hiyo ukiniuliza kikundi kijikinge vipi, sitakuambia mchague watu waaminifu. Mimi nilikuwa mwaminifu, ndiyo maana nikapewa funguo zote.

Sanduku lilale kwa mtu asiye na ufunguo wowote. Mshika ufunguo akisafiri, kikao kimteue mwingine na iandikwe kitabuni. Kujisajili halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, kuna faida zake, hasa mkifikia kugombana. Ila cheti cha ukutani hakizuii mkono kuingia sandukuni.

Lililotufaa kuliko yote ni kukopeshana pesa yote palepale kikaoni, sanduku likalala na vitabu, mihuri ya hisa na sarafu za faini. Na mfuko wa jamii, yaani ile akiba ya kusaidiana kwenye shida, ambao zamani ulisubiri kikao hata mtoto awe anaungua homa, tumeuhamishia kwenye huduma ya vikundi ya simu. Haitoki shilingi mpaka viongozi wawili waidhinishe, lakini mwenye mgonjwa anapata usiku uleule. Hilo tungelifanya mapema, mimi ule msumari nisingeufuata.

Jumamosi iliyopita mama chipsi alichelewa dakika ishirini. Tukakaa tumelizunguka sanduku limefungwa, wengine wakinung'unika kwamba ufunguo si angemtuma tu mtoto. Akafika anahema, kanga inanuka mafuta, akatumbukiza 500 ya faini bakulini, akainama kufungua kufuli yake.