Kabla hujameza dawa ya kusahau

Basi letu lilipinduka kabla ya kufika Segera, tukitoka Dar kwenda Tanga. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Binti aliyekaa siti ya dirishani, ubavuni kwangu, alifariki palepale. Tulikuwa tumegawana chungwa tangu Chalinze, naye alikuwa amepakata boksi la feni ya mezani, zawadi aliyokuwa anampelekea mama yake.

Nyumbani usingizi ulinikimbia. Nikifumba macho, nasikia vioo vinapasuka. Jirani, kwa huruma yake, akaniletea vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vilivyobaki kwa mgonjwa wake. Nilivimeza karibu mwezi mzima bila kumwona daktari.

Juzi mdogo wangu, ambaye naye amepatwa na lake, aliniuliza: “Dada, hakuna dawa ya kusahau kabisa?” Nilimjibu kwa kirefu, na wewe pia huenda ukahitaji jibu hilo.

Nianze na diazepamu. Haikunifutia ajali hata chembe. Kilichofutika ni sehemu kubwa ya ule mwezi wenyewe. Naambiwa shangazi yangu alisafiri kutoka Lushoto, akalala kwangu siku nne akinilisha uji kwa kijiko. Sikumbuki. Nilichotaka kiondoke kikabaki, na faraja ya watu ndiyo ikapotea. Baadaye daktari alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo huzuia ubongo kuhifadhi mambo mapya, lakini ya zamani haziyagusi. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri zisitumiwe kumtuliza mtu katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Na ukishazizoea, kuziacha ni kazi nyingine.

Dawa ambayo watafiti wameishughulikia zaidi ni propranololi, ile ile wanayopewa wagonjwa wa moyo na presha. Huizuia adrenalini, homoni ya mshtuko, kwa hiyo unalikumbuka tukio bila moyo kwenda mbio. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwanza, kisha hujifunga upya. Alain Brunet, mwanasaikolojia wa Montreal, Kanada, akajenga tiba juu ya wazo hilo: mgonjwa humeza propranololi, hungoja, kisha huandika kisa chake na kukisoma kwa sauti, wiki baada ya wiki, ili kumbukumbu ijifunge upya ikiwa na hofu pungufu. Wapo waliopata nafuu kubwa. Kuwapa majeruhi dawa hiyo mapema ili kiwewe kisianze kabisa, hapo matokeo hayajawa ya kutegemewa. Mimi nina pumu, na propranololi inaweza kumbana pumzi mwenye pumu, kwa hiyo sikuandikiwa. Ndiyo maana nakusihi usipokee kidonge cha jirani.

Je, ni halali kujipunguzia uchungu wa namna hiyo? Mwaka 2003 baraza la maadili ya tiba lililomshauri Rais wa Marekani lilionyesha wasiwasi: shahidi akipozwa, ushahidi wake utabaki na uzito gani? Na aliyetenda uovu akimeza ili dhamiri isimchome? Kuhusu mtenda uovu nakubaliana nao. Kwa aliyeumizwa, sikubali kwamba ana wajibu wa kuteseka ili sisi wengine tusisahau. Mtu asiyeweza kupanda basi wala kulala, apewe dawa, na asionewe haya.

Ila kumbukumbu nyingine zina mwenyewe zaidi ya mmoja. Hilo nilijifunza kwenye arobaini ya yule binti.

Mama yake alinikalisha kwenye mkeka, akanishika mkono mzima, akaniuliza, “Mwanangu, alisema nini?” Nilikuwa nimemeza kidonge asubuhi. Nilimjibu kwa sauti moja, kama anayesoma majina ya vituo. Tulipanda saa fulani, tulikula chungwa, basi likapinduka. Mama akaniangalia usoni muda mrefu, akauachia mkono wangu, akaenda kuangalia chai.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu: tafuta daktari, na ukipewa dawa, tumia. Lakini kwanza jiulize nani anakusubiri umpe kile ulichokiona. Kama ni polisi, toa maelezo mapema yaandikwe. Kama ni mama wa mtu, nenda ungali unatetemeka. Machozi yako ni sehemu ya habari anayoitaka.

Nilipoacha vidonge, nikaanza kwenda kwa mshauri nasaha hospitalini, nikisimulia ajali ile ile hadi sauti ikaacha kukatika. Kabla haijaacha, nilirudi Tanga. Nikamwambia mama kuhusu feni, kwamba bintiye alisema chumba cha mama kina joto, safari hii mama atalala usingizi mzuri. Hakuwa amesikia habari za feni. Tulilia wote wawili, mpaka jirani akashika ukingo wa mlango, akachungulia.

Kisha akajifuta kwa upande wa khanga, akaniuliza ilikuwa ya rangi gani.

“Bluu, mama.”